Kiumbe mmoja, maisha kumi na moja: historia ya Daktari asiyekufa



Leo sitaki siasa wala mpira. Nataka niandike juu ya kitabu ambacho najua wengine mtaniuliza, "Wewe nawe umekosa la kusoma?" Kitabu kinaitwa Doctor Who: 11 Doctors, 11 Stories, kilitolewa na Puffin hapa Uingereza mwaka 2013. Ni mkusanyiko wa hadithi za kisayansi kumi na moja, za waandishi kumi na mmoja, na zote zinamhusu kiumbe mmoja tu anayeitwa Daktari. Jina lake la kuzaliwa halitajwi. Anasafiri katika wakati ndani ya kibanda cha buluu cha polisi, kidogo kwa nje na kikubwa ajabu kwa ndani. Akifika pa kufa hafi, bali mwili wake wote unageuka, sura, sauti, hata hulka, akainuka mtu mwingine ambaye bado ni yule yule. Basi kila mwandishi alipewa sura moja ya Daktari, akaandika hadithi ya maisha hayo.

Wenye watoto waliokulia London, Cardiff au Leicester hamhitaji kuelezwa, kwani nyumbani kwenu mchezo huu wa televisheni umeshaonekana mpaka mmechoka nao. Lakini wengi tunauona kama mambo ya watoto tu, tunapita zetu kwenda jikoni. Mimi nasema tukae kidogo. Historia ya kitu hiki ina mengi yanayotuhusu sisi tuliobadilisha nchi, pasi, lafudhi na hata majina, halafu bado tunadai kuwa ni wale wale.

Tuanze na mwanzo wake. Sehemu ya kwanza ilirushwa na BBC Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa kule Dallas. Watu wengi hawakuwa na hamu ya kuangalia mchezo, ndiyo maana ilibidi irudiwe wiki iliyofuata. Hebu tazameni na kalenda yetu. Siku 17 baadaye, tarehe 10 Desemba, Zanzibar ikapata uhuru, na tarehe 12 Kenya ikafuata. Jioni ya Jumamosi tarehe 11 Januari 1964 watoto wa Kiingereza walikuwa wanaangalia sehemu ya nne ya kisa cha Daleks, yale madude ya chuma yenye chuki na kila asiyefanana nayo. Usiku ule ule, kuamkia Jumapili ya tarehe 12, Unguja yakatokea yaliyotokea, na kila mmoja wetu ana namna yake ya kuyasimulia. Sisemi kuna uhusiano kati ya hayo mawili, hakuna. Nasema tu kwamba Daktari ni rika la uhamisho wetu.

Na walioutengeneza mchezo huo wenyewe hawakuwa wale tunaowadhania. Aliyeleta wazo pale BBC alikuwa Sydney Newman, Mkanada. Mtayarishaji wa kwanza alikuwa Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27 katika ofisi iliyojaa wanaume. Na aliyeongoza sehemu zile za mwanzo alikuwa Waris Hussein, kijana aliyezaliwa Lucknow, India. Mkanada, mwanamke na Mhindi! Hicho ndicho kitu ambacho leo Waingereza wanakihesabu kuwa ni chao kuliko chai.

Sasa hii habari ya kubadilika sura ilitoka wapi? Hapa ndipo ninapopapenda. Wengi hudhani kwamba mtunzi mmoja mwenye akili alikaa akabuni kiumbe wa maisha mengi. La hasha. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alikuwa anaugua ugonjwa wa mishipa ya damu. Alikuwa anasahau maneno yake, na kazi ikawa ngumu. Kufikia 1966 alikuwa na miaka 58 na hawezi tena. Wakubwa wa BBC walikuwa na mchezo unaopendwa na mwigizaji mgonjwa. Wangeweza kuufunga. Badala yake wakasema, huyu si binadamu, kwa hiyo nani kasema lazima abaki na uso huu? Tarehe 29 Oktoba 1966, mwishoni mwa kisa cha The Tenth Planet, mzee akaanguka chini, mwanga ukammeza, na aliyekuja kuinuka alikuwa Patrick Troughton, mwenye miaka 46, mfupi, mcheshi, hafanani naye kwa lolote.

Kwa hiyo ugonjwa wa mzee mmoja ndio uliozaa falsafa yote. Kanuni zikaja baadaye. Lile neno la Kiingereza ambalo leo linatumika kwa kugeuka huku halikusikika mpaka 1974, miaka minane baada ya jambo lenyewe. Mwaka 1976 mtunzi Robert Holmes akaweka sharti kwamba kiumbe wa kabila la Daktari anaweza kugeuka mara 12 tu, yaani maisha 13 basi. Wakati huo Daktari alikuwa wa nne, kumi na tatu ilikuwa mbali kama Kiyama. Lakini siku huenda mbio jamani. Krismasi ya 2013 hesabu ikatimia, na watunzi wakamwombea mzunguko mpya wa maisha, akapewa. Halafu mwaka 2020 ikaelezwa kwamba hata yule mzee wa 1963 hakuwa wa kwanza, alikuwa na maisha mengine mengi nyuma yake ambayo kumbukumbu zake zilifutwa.

Mtu akicheka hapa nitamwelewa. Lakini nanyi someni nasaba za koo zetu za pwani. Mara ngapi tumeona silsila iliyonyooshwa baada ya tukio, babu akaongezwa hapa, mwingine akaachwa pale, ili aliyepo leo aonekane alitoka mbali? Daktari anafanyiwa hivyo hadharani, mbele ya mamilioni ya watu, na mwaka na tarehe ya kila nyongeza tunazijua. Kwa mwanahistoria hiyo ni neema.

Na kufutwa kwa kumbukumbu si hadithi tupu, kulitokea kweli. Miaka ya 1960 na 70 BBC walikuwa wanafuta mikanda yao, kwa sababu mikanda ilikuwa ghali na hakuna aliyefikiri kuna mtu atataka kuona mchezo wa zamani. Katika sehemu 253 za miaka sita ya mwanzo, zaidi ya mia zikapotea. Moja ya zilizopotea ni ile ile ya tarehe 29 Oktoba 1966, siku Daktari alipogeuka mara ya kwanza. Mnaona ajabu hiyo? Kipande kifupi cha kule kugeuka kimebaki kwa sababu tu kipindi kingine cha watoto, Blue Peter, kilikitumia mwaka 1973. Bila ya bahati hiyo tusingeona kabisa uso mmoja ukitoka na mwingine ukiingia.

Zilizopatikana zilipatikana wapi? Nyingi nje ya Uingereza. BBC walikuwa wakiuza nakala za filamu kwa vituo vya televisheni vya nchi nyingi, na nyingine zikasahauliwa kwenye mashelfu huko huko. Oktoba 2013, mwezi mmoja kabla ya Daktari kutimiza miaka 50, ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizokuwa zimepotea zimeonekana katika kituo kimoja cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Upungufu ukashuka kutoka 106 hadi 97. Yaani Mwingereza alichoma kumbukumbu zake mwenyewe, na Afrika ikamtunzia!

Na zile ambazo picha zake hazikuonekana, sauti zake zipo zote. Vijana wapenzi wa mchezo, majumbani kwao, waliweka kinasa sauti mbele ya televisheni wakarekodi. Hawakutumwa na mtu. Hapa mimi namkumbuka Bwana Kitini wa Pate. Wanazuoni wenzangu mnajua kwamba tarehe ya Pate, habari za wafalme wa Kinabahani, nakala yake ya asili inasemekana iliteketea Witu mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji. Tulichonacho leo kimetoka kichwani mwa Bwana Kitini, aliyewasimulia watu mbalimbali, mmoja wao Stigand aliyeichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913. Nakala hazilingani. Miaka inapishana na majina yanapishana. Lakini bila yeye tungekuwa na nini?

Haya, turudi kwenye kitabu. Hadithi zilitoka moja moja kila mwezi, kuanzia Januari hadi Novemba 2013, kisha zikakusanywa pamoja. Waandishi si wadogo: Eoin Colfer, Michael Scott, Marcus Sedgwick, Philip Reeve, Patrick Ness, Richelle Mead, Malorie Blackman, Alex Scarrow, Charlie Higson, Derek Landy na Neil Gaiman. Kwa ukweli hazilingani ubora. Chache ni za kupitisha muda tu kwenye treni. Lakini tatu kati yao zinauliza maswali mazito, nami nitazisema.

Ya kwanza ni ya Philip Reeve, The Roots of Evil, ya Daktari wa nne. Daktari na mwenzake Leela wanatua katika mti mkubwa kupita kiasi unaoelea angani, na ndani yake wanaishi watu. Watu hawa wamengoja vizazi na vizazi kwa jambo moja tu, kumwua Daktari. Watoto wao wanapewa majina marefu ya kisasi, jina zima ni kiapo cha namna Daktari atakavyokufa. Daktari anashangaa, mimi nimewafanya nini? Hajawahi kuwaona. Mwisho anatambua kwamba aliyewafanyia ni yeye kweli, lakini yeye wa baadaye, mwenye sura ambayo bado hajaifikia. Na kinajitokeza kitu kingine. Mababu wa watu hao walitaka kuigeuza sayari fulani iwe makazi yao, na sayari hiyo ilikuwa na wenyewe. Daktari aliwazuia. Nusu hiyo ya kisa watoto hawakusimuliwa. Walirithi machungu, hawakurithi sababu.

Ndugu zangu, nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Kati yetu wapo walioondoka 1964, wapo walioondoka miaka ya 70, wapo waliovuka kwa majahazi na mashua kutoka Pemba kwenda Shimoni Januari 2001. Kila kundi lina machungu yake na ni ya haki, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini tumewasimulia nini watoto wetu waliozaliwa Muscat, Dubai na Toronto? Nimewasikia vijana wa miaka ishirini, hawajakanyaga Darajani wala Chake, wanatukana watu wa upande wa pili kwa ukali kuliko wazee walioyaona kwa macho. Mzee aliyeona hukumbuka pia jirani aliyemficha chini ya kitanda. Kijana amepewa jina la kisasi tu.

Ya pili ni ya Malorie Blackman, The Ripple Effect, ya Daktari wa saba. Baada ya ajali moja ya wakati, Daktari na Ace wanakuta ulimwengu umebadilika, na wale Daleks maadui wakubwa sasa ni wasomi, walimu, matabibu, watu wa amani.  Daktari hawezi kuamini. Ananusa hila kila pahali, na kila asiyekuwa yeye anamwona ana chuki tu. Mwishowe inabidi ulimwengu urudishwe ulivyokuwa, kwa sababu ule mpya haukuwa na uthabiti, na wale Daleks wema wakatoweka. Blackman ni mwandishi mweusi wa hapa Uingereza, na swali hili amekuwa akilichimba katika vitabu vyake kwa miaka mingi. Ukimhukumu mtu kwa kabila lake, na ikatokea umehukumu sawa mara mia, je, mara ya mia na moja atakapokuja mwema utamtambua? Kitabu hakitoi jibu la raha. Mimi ndiyo hadithi niliyoipenda zaidi, ingawa imeniacha na kinyongo.

Ya tatu ni ya Neil Gaiman, Nothing O'Clock, ya Daktari wa kumi na moja. Adui wake naye ni kiumbe mmoja tu, lakini hakuishi maisha mengi kwa kufuatana. Yeye huenda mbele na nyuma katika wakati mpaka anajikusanya, wakawa maelfu, na wote ni yeye. Anaiteka dunia bila bunduki, ananunua nyumba. Anakuja mtu kavaa sura ya mnyama na mkoba wa pesa, anakupa bei usiyoweza kuikataa. Nyumba moja, mtaa mmoja, mpaka dunia yote ni yake kihalali na binadamu hawapo. Anayeujua Mji Mkongwe na Lamu ya leo, na bei ya majumba yake, atacheka halafu ataacha kucheka.

Gaiman kawaweka hao wawili uso kwa uso kwa makusudi. Mmoja ni wengi lakini hana kipya, maana wote ni nafsi moja inayojirudia. Mwingine kila akigeuka hupoteza kitu, na ndiyo maana ana nafasi ya kujifunza.

Wapo watakaosema hii ni tanasukhi tu, imani ya roho kuhama mwili hadi mwili. Sioni hivyo. Katika tanasukhi roho huzaliwa upya mtoto mchanga, na kwa kawaida hakumbuki. Daktari hazaliwi. Anageuka akiwa mtu mzima, katikati ya safari, na madeni yake yote yanahama naye. Marafiki wa sura ya zamani wanamkodolea macho, wanamwuliza wewe nani? Inambidi athibitishe. Hathibitishi kwa uso, anathibitisha kwa kukumbuka, na kwa kuendelea kutenda yale aliyokuwa akitenda. Shaaban Robert katika Kusadikika, mwaka 1951, alitupa wajumbe sita, watu mbalimbali waliotumwa pande mbalimbali, na wote wakarudi na nia ile ile ya kuitengeneza nchi, wote wakaishia gerezani. Karama alipowatetea hakutetea nyuso, alitetea ujumbe uliokuwa mmoja. Hapo Mswahili na hawa Waingereza wamekutana bila kuambizana.

Tangu kitabu kitoke nyuso zimeendelea kubadilika. Mwaka 2017 alitangazwa mwanamke wa kwanza, Jodie Whittaker, na kelele zilikuwa nyingi. Mwaka 2020 Jo Martin, mwanamke mweusi, alitokea kama mmoja wa Madaktari waliosahauliwa. Kisha akaja Ncuti Gatwa, na huyu lazima nimtaje vizuri. Kazaliwa Kigali mwaka 1992. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wazazi wake walikimbia naye wakaishia Scotland. Mtoto mkimbizi wa Rwanda akaja kuwa Daktari wa kumi na tano, mpaka alipoaga tarehe 31 Mei 2025. Katika kipindi chake kilirushwa kisa kilichoandikwa na Inua Ellams, mzaliwa wa Nigeria, kinachotokea ndani ya kinyozi mjini Lagos. Wateja wamefungiwa humo, wanalazimishwa kusimulia hadithi, na hadithi zao ndizo mafuta ya injini. Daktari anasema pale ndipo anapokaribishwa sasa kwa mwili huu alio nao. Mzee wa 1963 asingeingia mlangoni hivyo. Lakini ni yeye.

Nimeandika haya kwa sababu kuna mjadala usioisha kati yetu, kwamba mtoto aliyezaliwa huku, anayesema Kiswahili cha kukwama kwama na lafudhi ya Birmingham, si Mswahili tena. Mimi sikubali. Uso umegeuka na sauti imegeuka, hiyo kawaida. La kuuliza ni kama kumbukumbu imehama naye, na kama imehama nzima au imehama nusu. Tukiwapa machungu matupu tumewapanda kwenye ule mti wa Reeve. Tukiwanyamazia tumefuta mikanda. Vyote viwili ni dhambi moja.

Basi ombi langu ni dogo. Simu zetu zote zinarekodi sauti. Wale vijana wa 1966 walikuwa na kinasa kizito cha kubeba kwa mikono miwili, na mchezo wa watoto wakauokoa. Sisi tuna wazee ambao mwakani huenda hawapo. Mkalisheni mmoja wikiendi hii, mwulizeni jirani zake walikuwa nani, wa kabila gani, nani aliwasaidia na nani aliwadhulumu, na msimkate anapofika pale pasipowapendeza. Rekodini na hiyo nusu nyingine pia.

Nawakilisha. Aliyesoma kitabu hiki na kuona vingine, namsubiri kwa hamu.